Maji ya Bwawa la Kuogelea na Namna ya Kuyatunza

Watu wengi waonapo bwawa la kuogelea katika ua wa nyumba hudhani kwamba kazi yote ilikwisha siku lilipojengwa, na kwamba lililobaki ni kulijaza maji na kuingia. Katika likizo iliyopita nilikaa Dar es Salaam kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kutunza mabwawa ya nyumba za watu huko Msasani. Nilifuatana naye kila siku kwa muda wa majuma matatu, nikajifunza kwamba maji yanayong'aa huenda yakawa na maradhi ndani yake. Kwa kuwa wengi wetu huenda kuogelea katika mabwawa ya hoteli siku za sikukuu, naona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jinsi maji hayo yanavyotunzwa.

Jambo la kwanza ni hesabu. Mtu hawezi kutia dawa asipojua bwawa lina maji kiasi gani. Bwawa moja tulilolitunza lilikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Kina chake upande mmoja kilikuwa mita 1 na upande wa pili mita 2, na sakafu yake iliteremka sawasawa. Wastani wa kina basi ni mita 1.5, na maji yote ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Mjomba aliiandika hesabu hiyo kwa rangi katika ukuta wa chumba cha pampu, ili asiye na daftari asipate udhuru.

Pampu huvuta maji, huyapitisha katika kikapu kinachonasa majani na nywele, kisha huyasukuma ndani ya pipa kubwa lenye mchanga. Mchanga huzuia taka, na maji hurudi bwawani. Pampu inayosukuma lita 8,000 kwa saa itapitisha lita 48,000 kwa saa 6. Mtu angedhani kwamba baada ya saa hizo maji yote yamechujwa. Sivyo. Maji yaliyokwisha kuchujwa huchanganyika na yale ambayo bado, hata mengine yakapita mara mbili na mengine yasipite kabisa. Kwa hesabu, mzunguko mmoja huchuja sehemu 63 tu katika 100. Miwili huchuja 86, na mitatu 95. Mwenye nyumba azimaye pampu mapema ili apunguze gharama ya umeme aghalabu huilipa gharama hiyo dukani kwa kununua dawa.

Mchanga ukijaa taka, mshale wa kipimo cha mgandamizo hupanda. Ukipita kiasi chake cha kawaida kwa pauni 8 au 10, maji hupitishwa kinyume, toka chini ya mchanga kwenda juu, ili uchafu utoke nje. Kabla ya kugeuza mkono wa vali ni lazima pampu izimwe, ama sivyo mpira wa ndani huharibika. Ajabu ni kwamba mchanga wenye taka kidogo huchuja vizuri kuliko ule uliooshwa sasa hivi, kwa hiyo hakuna faida kuuosha kila siku.

Lakini mchanga hauui vijidudu. Kazi hiyo ni ya klorini. Kila siku tulichota maji kwa kina cha kiwiko, si ya juu juu, tukayatia katika vichupa viwili. Katika kimoja, dawa ya kupimia huleta rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Yatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 katika kila lita. Kichupa cha pili huonyesha pH, yaani kama maji yameelekea kuwa asidi au alkali: manjano ni asidi, nyekundu ni alkali. Yatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Klorini ikiwa majini huwa ya namna mbili, moja yenye nguvu ya kuua vijidudu na nyingine dhaifu, na pH ndiyo inayozigawa. Katika 7.5 hukaribia kuwa nusu kwa nusu. Ikipanda hadi 8, ile yenye nguvu hubaki kama robo tu, na ikifika 8.5 hubaki kama sehemu moja ya kumi. Basi mtu aweza kutia dawa kila jioni, kichupa cha kwanza kikaonyesha rangi nzuri, na hata hivyo maji yakakosa ulinzi. Kupima klorini bila kupima pH naona ni nusu ya kazi.

Kuongeza miligramu 2 kwa kila lita katika lita 48,000 kwahitaji gramu 96 za klorini. Unga tuliotumia ulikuwa na sehemu 65 katika 100, kwa hiyo tulipima gramu 148. Tuliutia jioni, kwa sababu jua kali huweza kuimaliza karibu yote klorini isiyo na kinga kwa muda wa saa mbili tatu.

Wengi husema, "Bwawa hili lanuka klorini, wametia nyingi mno." Mara nyingi kinyume chake ndicho kweli. Harufu ile kali, na macho kuwasha, hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogaji, nayo haina tena nguvu ya kutosha. Dawa yake ni kutia klorini zaidi, na kuwataka watu waoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Hata hivyo klorini haiwezi kila kitu. Bakteria wengi hufa kwa dakika chache, lakini kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, kiletacho kuhara, huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yenye klorini ya kawaida. Mtoto anayehara asiingizwe majini, hata maji yawe mazuri namna gani.

Dawa zenyewe ni hatari. Unga hutiwa katika ndoo ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga kamwe. Tena usichanganywe na vidonge vya klorini vya namna nyingine, maana huweza kushika moto. Ukikutana na asidi itumiwayo kushusha pH, hutoka gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Mjomba aliweka asidi katika chumba kimoja na unga katika kingine, na kila kimoja kilikuwa na kopo lake la kupimia.

Liko jambo moja ambalo hata asiye na vichupa aweza kulipima. Simama ukingoni, utazame tundu la kutolea maji lililo chini, upande wa kina kirefu. Lisipoonekana wazi, asiingie mtu, kwa kuwa mtoto akizama hataonekana na walio juu, na dakika chache zatosha kumwua. Katika nyumba moja tulikuta maji yamekuwa meupe kama tui, na wageni wa arusi walikuwa wakitazamiwa siku hiyo. Mwenye nyumba alisihi, akasema watoto watacheza upande wa kina kifupi tu. Mjomba akatupa sarafu majini, akamwomba amwonyeshe ilipo. Mzee yule alitazama kitambo, kisha akaenda mwenyewe kuleta kufuli ya lango. Pampu ilikwenda usiku na mchana, na siku ya tatu tuliiona sarafu, imelala kando ya tundu.