Walimu Waliolipandisha Kanisa Milimani Uluguru

Tukiulizwa ni nani aliyeleta imani Uluguru, wengi wetu hujibu haraka: wamisionari. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili inatuhusu zaidi sisi, kwa sababu inaeleza jinsi Kanisa linavyokua mahali ambapo padre hafiki kila siku.

Tuanze pwani. Mwaka 1860 mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar. Mwaka 1863 utume huo ukakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 mapadre wa shirika hilo wakafungua misheni ya Bagamoyo. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto. Watoto hao walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Walipokua walioana, na baadhi ya familia hizo changa zikatumwa bara pamoja na mapadre kuanzisha vijiji vya Kikristo. Ndivyo zilivyoanza misheni za Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Mandera mwaka 1881 na Morogoro mwaka 1882.

Kwa hiyo Wakristo wa kwanza wa misheni ya Morogoro hawakuwa Waluguru. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, walionyang'anywa makwao na kuuzwa. Tuwakumbuke kwa heshima, maana waliteseka kabla ya kuamini, na wengi wao hawakuwaona tena wazazi wao.

Hata hivyo, njia ile ilikuwa na mipaka yake. Katika kijiji cha misheni padre alikuwa mlezi, msimamizi wa kazi na mwamuzi wa ugomvi, yote kwa pamoja. Baadhi ya waliokombolewa walichoka na utaratibu huo wakaondoka kutafuta maisha yao. Majirani waliozaliwa huru nao waliona kijiji hicho ni cha wageni. Isitoshe, biashara ya watumwa ilipozidi kubanwa, Kanisa lisingeweza kuendelea kukua kwa njia ya kukomboa. Ilibidi liwaendee watu kwao.

Mwaka 1897 ikafunguliwa misheni ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Huko mambo yalikuwa tofauti. Nyumba zilitawanyika kwenye miteremko, na njia zilikuwa za kupanda na kushuka. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mashamba yalikuwa chini ya ukoo. Padre mmoja au wawili, kwa miguu, wasingeweza kufika kila bonde, wala kujua ni mzee gani wa ukoo anayepaswa kusalimiwa kwanza.

Ndipo wakahitajika walimu. Tunaposema mwalimu wa zamani, tunamaanisha mtu aliyekuwa pia katekista. Siku za kazi alifundisha watoto kusoma na kuandika pamoja na katekisimu katika shule ndogo ya miti na nyasi. Jumapili aliongoza sala. Aliwaandaa wakatekumeni, alitembelea wagonjwa, na mtu akiwa kufani alimbatiza. Alizungumza Kiluguru, na aliishi na watu misimu ya mavuno na misimu ya njaa.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Mmisionari alifundisha kwamba baba ndiye kichwa cha familia. Ukoo ulisema watoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana neno. Misheni ilizitazama ngoma za kuwaweka wari kwa mashaka. Wazazi waliona kwamba binti asiyefundwa hajakua. Mwalimu alisimama katikati. Alipaswa kumtii padre bila kuwakosea wazee, na mara nyingi yeye ndiye aliyejua ni neno gani lisemwe leo na lipi lisubiri.

Historia ya milima hii inatuonyesha pia kinachotokea pasipo mtu wa kusimama katikati. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudi la kuhifadhi ardhi lilieleweka, lakini watu waliamriwa, hawakushirikishwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, Matombo ikiwemo, na mpango ukashindwa.

Kanisa, kwa upande wake, lilizidi kuota mizizi. Mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo. Mwaka 1966 Adriani Mkoba aliteuliwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Mgolole wakaingia shuleni, zahanati na parokiani. Na mwaka 2025 Bagamoyo, mama aliyeizaa Morogoro, ikawa jimbo jipya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista katika hati yake juu ya umisionari, na mwaka 2021 Papa Fransisko alianzisha rasmi huduma ya katekista. Lakini katika parokia zetu nyingi katekista bado anaishi kwa posho ndogo, na semina zake hukatwa kwanza fedha zikipungua. Seminari tunasoma miaka mingi. Yeye tunamtaka afundishe wanajumuiya wetu kwa alichojifunza wiki chache. Kanisa lililojengwa na walimu haliwezi kukua kwa kuwasahau.

Basi tunawaomba mafrateri mtakaokwenda vigangoni likizo hii: waulizeni wazee majina ya walimu wao wa kwanza, myaandike, mmkabidhi paroko ayatunze. Nanyi waamini, mnapopanga bajeti ya parokia, katekista asiwe wa mwisho kwenye orodha.