Kofia iliyolala sandukuni miaka saba

Ukimwomba mtu mzima wa Kibokoni, Kuze au Mkanyageni akufungulie sanduku lake, hapana shaka utakuta humo vitu vitatu: udi, karatasi za zamani ambazo hataki zisomwe, na kazi ya sindano isiyokwisha. Aghalabu kazi hiyo ni kofia ya viua. Imefungwa katika kipande cha leso, sindano ingali imechomekwa pale pale ilipoachwa, na uzi umeanza kugeuka rangi.

Nyumbani kwetu ilikuwako moja, nayo ilikuwa ya mama. Aliianza kwa ajili ya mwanangu mkubwa, kijana akiwa bado chuoni anasoma juzuu, akaapa kwamba siku ya nikaha mjukuu wake hatavaa kofia ya dukani. Alichora nakshi kwa mkono wake, akamaliza nusu ya kipande cha juu na robo ya pembeni. Kisha mtoto wa jicho akamwingia. Jicho moja lilipasuliwa likapata nafuu kidogo. La pili halikufaa. Kofia ikalala sandukuni miaka saba, hadi kijana alipoposa.

Sasa, ndugu msomaji, huenda wewe huivaa kofia hiyo kila Ijumaa na hujapata kuiangalia vyema. Ivue kidogo. Utaona vipande viwili: cha juu, ambacho ni duara, na cha pembeni kinachozunguka kichwa. Kila kipande ni nguo mbili nyeupe zilizowekwa pamoja. Juu yake mchoraji huchora kwa penseli maua, nyota, miezi au mapambo ya kufungana. Mistari hiyo hupigwa bandi ndogo ndogo, na katikati ya nguo mbili hupitishwa uzi mnene ili nakshi ivimbe na kofia isimame. Kisha huja viua vyenyewe. Kila kiua ni tundu linalotobolewa kwa ncha, likazungushiwa uzi pande zote hadi likawa kama jicho la ndege. Kofia moja ina mamia ya viua. Mshonaji hodari akiwa na nafasi huichukua miezi miwili au mitatu; mwenye watoto, jiko na wageni, mwaka si ajabu. Na matundu hayo si pambo tu. Upepo hupita. Anayevaa kofia ya viua wakati wa kaskazi, Februari, mji ukiwaka kama tanuri, anajua tofauti yake na kofia ya nailoni.

Kazi hii ni ndugu wa mfarishi, ule wa nguo mbili na pamba katikati ambao wazee wetu waliulalia. Zote mbili waliziita kudarizi. Tena kuunganisha vipande si jambo geni kwa wanawake wa pwani. Leso yenyewe, husimuliwa, ilianza hivyo katika karne ya 19: wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vya rangi, ambavyo Wareno waliviita lenço, badala ya kuvikata kimoja kimoja wakavichukua vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja ikawa nguo moja ya kujifunga. Wenye maduka waliona, na baadaye wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Kwa hivyo mwenye kupita leo Biashara Street akichagua doti, ajue kwamba aliyetangulia kuibuni alikuwa na sindano nyumbani kwake.

Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka tisa. Baada ya Alasiri, vyombo vikishaoshwa, wanawake wa nyumba tatu walikutana ghorofani kwetu, karibu na dirisha, maana kazi ya viua hutaka mwanga wa jua wala si wa taa. Sisi watoto tulikalishwa mkekani. Mwaka wa kwanza sikuruhusiwa kugusa kofia. Nilipewa kitambaa kikuukuu nikapiga bandi mpaka ziwe sawa. Shangazi yangu alikuwa akiiangalia kazi, hasemi neno, akachukua pini na kuifumua yote. Nililia sana siku hizo. Lakini siku aliponirudishia kitambaa bila ya kukifumua, nilikimbia nacho ngazi mbili mbili kwenda kumwonyesha baba.

Ama raha ya kikao kile, sijui niieleze vipi. Mikono ikiwa kazini, macho yakiwa chini, watu huzungumza mambo ambayo hawangeyasema wakitazamana. Pale ndipo niliposikia nani ameachwa na kwa nini, dawa ya mtoto asiyelala, na jinsi ya kupika bilauri tatu za mchele zikatosha watu wanane. Anayeshona peke yake pia ana raha yake. Moyo hutulia, uradi husomeka, na jioni ikifika unaona kwa macho yako kile ulichokifanya, jambo ambalo mwenye kufagia na kupika hapati, kwani chakula huliwa na vumbi hurudi.

Tusisahau na fedha. Wengi wa wanawake wale hawakuwa wakitoka nje ila usiku, na kwa buibui. Kofia ilitoka badala yao. Mtoto wa kiume alitumwa nayo kwa muuzaji, akarudi na noti zimefungwa ndani ya kitambaa, na noti zile zilikuwa zao, hakuna aliyewauliza hesabu. Najua nyumba ambayo ada za shule za mabinti wawili zilitoka kwenye ncha ya sindano.

Kilichopunguza vikao hivyo si kimoja. Mabinti walikwenda shule na kazini, na vyema walivyokwenda. Cherehani iliingia kila nyumba. Baadaye zikaja kofia za mashine kutoka Asia, makontena kwa makontena, kwa bei ambayo haiwezi hata kulipia macho ya mshonaji. Siwalaumu wanaozinunua, kwani si kila mtu ana maelfu ya shilingi ya kuweka kichwani. Ila asidanganywe mtu akauziwa ya mashine kwa bei ya mkono. Igeuze ndani nje. Kazi ya mkono ni safi pande zote mbili, na viua vyake havilingani kabisa kabisa. Ya mashine huwa sawa kama safu za askari, na upande wa ndani nyuzi zimetapakaa.

Huko Oman kofia hii wanaiita kumma, na leo ni sehemu ya vazi lao la taifa. Ilifika huko kwa kupitia Unguja na pwani yetu, hasa na jamaa waliorejea baada ya 1964 na baada ya 1970. Wenzetu hao huichagua kwa makini, na anayetaka ya mkono hulipa bila ya kunung'unika. Imekuwa sisi tuliowapa ndio tunaoziacha sandukuni.

Lakini si Waomani walionitia haya. Ni wanawake wa ng'ambo nyingine, katika jimbo la Karnataka, India. Huko wako Wasidi, watu ambao wahenga wao walitoka Afrika, wengi wao wakipelekwa Goa na Wareno, hao hao walioanza kuijenga Ngome yetu mwaka 1593. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi ya viraka kutoka nguo kuukuu za nyumbani, wanaiita kawandi. Huanzia pembeni, wakazunguka, wakazunguka, hata wakakutana katikati. Hapo mtu angedhani imekwisha. Bado. Kila pembe hutiwa vitambaa vilivyokunjwa pembe tatu, viitwavyo phula, yaani maua, na usipovitia, mfarishi wako uko uchi. Mwaka 2011 mifarishi hiyo ilionyeshwa New York katika Kituo cha Schomburg. Nilisoma habari hiyo usiku, na sanduku la mama liko hatua tatu kutoka kitandani kwangu.

Asubuhi nikalifungua. Ndani ya leso, pamoja na kofia, nikakuta uzi wenye fundo. Mama aliukumbuka mara moja. Kijana alikuwa mdogo wakati ule, kwa hivyo alipima kichwa cha babake, akisema mtoto atakuja kumfuata.

Nikasema Bismillahi, nikavaa subana, na siku ile ya kwanza nikashona viua vinne tu, vibaya vyote. Mkono wangu ulikuwa umezoea cherehani. Ulitaka kwenda mbio. Viua vya mama vilikuwa vidogo kama mbegu za ufuta, vyangu kama punje za mtama. Nikafumua. Nikashona tena, nikafumua tena. Jirani mmoja, fundi kweli kweli, alinishauri nimpe yeye aimalize, au tuifumue yote ianzwe upya ifanane. Shauri lake lilikuwa jema, na kofia ingetoka nzuri zaidi. Nilikataa, wala sikuwa na hoja ya kumpa.

Nilishona wiki kumi na moja. Katika wiki ya nne hivi vidole vilianza kukumbuka, na viua vikaanza kupungua ukubwa. Nilipounganisha duara na pembeni, kazi ambayo ukikosea robo inchi kofia huwa ya mtoto, nilimpelekea mama kabla ya kumwonyesha yeyote. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa polepole kwa kidole cha shahada kuanzia alipoanzia yeye. Alipofika mahali akasimama.

"Hapa ndipo ulipopokea weye."

Nikamwambia ndipo, nikamwomba radhi kwa viua vyangu vikubwa. Akaendelea kuzungusha kidole mpaka akarudi mwanzo. "Mato yangu yamekwisha, lakini vyanda vyaona. Hapa mwanzo ulikuwa na hamaki. Hapa wapoa."

Ikabaki kuifua. Kofia haihesabiwi imekwisha mpaka ifuliwe, itiwe wanga, ivikwe juu ya bakuli lililofudikizwa ikauke na kushika umbo. Nilikuwa nimetayarisha maji, na bado nikakaa nayo mapajani. Penseli ya mama ilikuwa ingali inaonekana kati ya viua, mistari aliyoichora macho yake yakiwa mazima, mistari ambayo hatachora tena. Maji yangeiondoa yote. Nikaenda kumwambia, na nadhani nilikuwa nikitafuta ruhusa ya kuacha.

"Fua," akasema. "Mtoto avaa kofia, havai penseli."

Nikafua. Niliitia wanga, nikaiweka dirishani, na kabla ya adhana ya Magharibi ilikuwa imekauka, nyeupe, imesimama. Kijana aliivaa wiki iliyofuata msikitini, na fundo la mama lilikuwa sahihi: ilimkaa kama ilivyomkaa babake alipoijaribu.

Nguo iliyosalia imetosha kofia ya pili. Nimekwisha kuichora. Mistari haikunyoka kama ile ya mama, na sijajua bado itakuwa ya nani.