Ziwa Kivu: maji ya chupa ao ya tangi la meli, msafiri anywe yapi?

Safari ya ziwa kati ya Goma na Bukavu inachukua saa mbili hadi tatu kwa wanaopanda kano rapide, na usiku mzima kwa wanaolala ndani ya meli kubwa pamoja na mizigo yao. Kwenye ziwa Tanganyika ni mbali zaidi: anayetoka Kalemie kwenda Uvira anaweza kukaa majini siku nzima na zaidi. Muda wote huo watu wanasikia kiu. Watoto wanalilia maji, wagonjwa wanatafuta ya kumezea dawa, akina mama wanaonyonyesha wanahitaji kunywa kuliko wengine. Kila mmoja anajikuta na swali lile lile: anunue chupa, afungue bomba la meli, ao achote ziwani?

Swali linaonekana dogo, lakini kandokando ya maziwa haya jibu baya limekwisha kuua watu wengi. Mwezi wa saba mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache tu. Wengi walikunywa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa. Kolera ikalipuka, ugonjwa wa kuhara damu ukafuata, na karibu watu 50,000 wakafariki katika mwezi wa kwanza.

Tangu ilipofika mashariki mwa Kongo katika miaka ya 1970, kolera haijaondoka. Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, miji yote minne yenye bandari, iko kati ya ile ambayo watafiti wanaitaja kuwa makao ya ugonjwa huu: unapungua, unatulia, kisha unaanza tena na kusambaa. Mwaka 2017, nchi nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000.

Macho hayaoni kolera

Ukitoka bandarini na kufika katikati ya ziwa, maji ya Kivu yanapendeza. Ni ya buluu, hayana matope, na msafiri anaona kabisa kwamba hayana kitu. Hapo ndipo kosa linaanzia. Kijidudu cha kolera hakionekani kwa macho, hakibadilishi rangi ya maji wala harufu yake.

Wengine wanaogopa gesi iliyomo ndani ya ziwa. Ni kweli, Kivu ina gesi nyingi sana ya metani, lakini iliyo nyingi iko chini kabisa, kuanzia kina cha mita 260 hivi. Anayechota juu hatadhurika na gesi hiyo. Kinachomtishia ni kinyesi cha watu: vyoo vinavyomwagika ziwani, mvua inayoosha vilima na kuteremsha uchafu, na vyoo vya meli zenyewe pale ambapo havina tangi la kuhifadhi uchafu. Anayechota kikombe upande mmoja wa meli hajui kilichomwagwa upande mwingine.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Watu wengi walioambukizwa kolera hawaonyeshi dalili, ao wanaumwa kidogo tu, na hata hivyo wanatoa vijidudu katika choo kwa siku moja hadi kumi. Mtu anaweza kupanda meli akijiona mzima na kushuka bandari nyingine akiwa ameubeba ugonjwa. Ndiyo sababu maji ya meli ni jambo la miji yote inayounganishwa na meli hiyo, wala si la msafiri peke yake.

Chupa inalinda, lakini siyo kila chupa

Chupa iliyofungwa kiwandani, yenye kifuniko ambacho hakijakatika, ndiyo njia rahisi kwa msafiri. Lakini bandarini na kwenye masoko, chupa tupu zinaokotwa, zinajazwa tena na kuuzwa. Msafiri aangalie mambo matatu kabla ya kulipa: pete ya kifuniko iwe nzima na ikatike kwa sauti anapofungua, maji yawe hayana vumbi linaloelea, jina la kiwanda na tarehe ya mwisho visomeke. Chupa inayofunguka kirahisi kama iliyokwisha kufunguliwa, irudishwe kwa muuzaji.

Maji ya sashe yanahitaji uangalifu zaidi. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo ndiyo yanayonunuliwa na wengi. Lakini mfuko huo unapita mikononi mwa watu wengi, unakaa ndani ya beseni lenye maji yasiyojulikana yalikotoka, kisha msafiri anaupasua kwa meno. Hata kama maji ya ndani ni mazuri, uchafu ulioko nje ya mfuko unaingia mdomoni moja kwa moja. Afadhali kuufuta kwa kitambaa safi na kumimina maji ndani ya kikombe.

Barafu ni vilevile. Maji ya chupa yaliyotiwa barafu iliyotengenezwa na maji ya ziwa ni maji ya ziwa.

Bomba la meli: uliza yametoka wapi

Maji ya bomba la meli yanaweza kuwa yametoka sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lililojazwa bandarini, kwa maji ya Regideso ao ya lori. Ya pili ni pampu inayovuta ziwani meli ikiwa inatembea. Kwa macho ni maji yale yale, bomba ni lile lile. Maji ya pampu ni ya kuosha sahani na sakafu, na hata kwa kuosha sahani yafaa yatiwe klorini kwanza.

Hata maji ya Regideso yaliyotiwa dawa vizuri yanaweza kuharibika ndani ya tangi. Tangi lisilosafishwa linashika utelezi ndani, kifuniko kinaachwa wazi, mtu anaingiza ndoo iliyokuwa chini. Klorini iliyokuwemo inaisha kidogo kidogo. Baada ya siku chache, msafiri anakunywa maji ambayo hayana ulinzi wowote.

Swali hili wanaliuliza pia watalii wanaopanda meli kubwa za bahari, zile zinazobeba watu elfu kadhaa kwa majuma mazima. Wengi wao wanabeba chupa kwa woga tu, maana maji ya bomba ya meli hizo kwa kawaida ni salama. Meli inageuza maji ya bahari kuwa maji matamu kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke wake, ao kwa kuyasukuma kwa nguvu kupitia chujio laini sana. Nyingine zinajaza bandarini. Kisha maji yanatiwa klorini na kupimwa. Kwa meli zinazofika bandari za Marekani, kuna kikosi cha ukaguzi wa afya kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, na sheria yake inadai kwamba hata bomba la mbali kabisa ndani ya meli liwe na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa kila litre. Meli inayoshindwa ukaguzi inatangazwa, na abiria wote wanasoma.

Meli za Kivu na Tanganyika hazina mashine hizo, na hazizihitaji, kwa sababu zinatembea juu ya maji matamu. Kinachozikosesha maji salama ni vitu vya bei ndogo: tangi linalosuguliwa na kufungwa, klorini yenye kipimo, na mtu mmoja kati ya wafanyakazi anayejua kwamba hiyo ni kazi yake. Kifaa cha kupimia klorini kinaenea kiganjani na kinatoa jibu kwa dakika chache. Mwenye meli anayenunua mafuta ya safari nzima anaweza kununua pia dawa ya tangi moja la maji.

Kwa asiye na pesa ya chupa

Mama anayesafiri na watoto wanne hawezi kununua chupa kwa kila mmoja. Habari njema ni kwamba maji yaliyotayarishwa nyumbani vizuri yanalinda tumbo sawa na ya chupa. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kuchemsha. Goma na Bukavu ziko kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hapo, maji yakichemka kwa kutokota kabisa dakika moja yanatosha. Yaachwe yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha yatiwe ndani ya bidoni ndogo ao chupa iliyooshwa kwa maji hayo hayo ya moto.

Ya pili ni klorini. Vidonge vinavyouzwa katika famasi vina nguvu tofauti: kimoja kinatosha bidoni ya litre 20, kingine ni cha litre moja tu. Msafiri asome karatasi, asikisie. Baada ya kutia dawa, asubiri nusu saa kamili. Kwa maji ya Kivu, nusu saa hiyo isipunguzwe, kwa sababu yana asili ya magadi, na klorini inafanya kazi polepole ndani ya maji ya namna hiyo. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu unaimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Mahali ambapo wajitolea wa afya wanatia klorini ndani ya bidoni pale pale kwenye ufuko, wakati wa mlipuko wa kolera, msafiri asipite bila kusimama.

Ya tatu ni jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi litre mbili, ikijazwa maji yasiyo na matope na kulazwa juu ya bati saa sita kwenye jua kali, inakuwa salama. Kukiwa na mawingu, iachwe siku mbili. Kwa anayepanda meli ya usiku, ni kazi ya kuanza asubuhi ya siku ya safari, ao siku mbili mbele kama ni masika.

Ndani ya meli, chai iliyochemka mbele ya macho ya msafiri ni bora kuliko maji baridi yasiyojulikana. Na maji salama hayafai kitu kama mikono ni michafu. Anayetoka chooni na kula sambaza kwa vidole visivyooshwa kwa sabuni amejipatia kolera bila kunywa hata tone.

Chupa tupu inakwenda wapi?

Chupa nayo ina deni lake. Baada ya kunywa, wasafiri wengi wanaitupa ziwani. Kivu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, pale Bukavu. Plastiki inayoelea inasukumwa huko, inakusanyika mbele ya bwawa la umeme la Ruzizi I na kuziba njia ya maji yanayozungusha mashine. Wafanyakazi wa bwawa wanalazimika kuitoa mara kwa mara, na mashine zikikwama umeme unakatika mjini.

Umeme ukikatika, pampu za maji zinazoutegemea zinasimama. Pampu zikisimama, mabomba yanakauka, na wakaaji wanabeba bidoni zao kwenda ziwani. Yaani, chupa iliyomlinda msafiri usiku inaweza kumpeleka jirani yake kuchota maji machafu siku nyingine.

Serikali ilikwisha kuona hatari hiyo. Amri ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungio vingine vya plastiki kwa ajili ya chakula, maji na vinywaji. Bandarini, kila mtu anaona namna amri hiyo inavyofuatwa. Wakati inangojewa, pipa moja la takataka kwenye kila sakafu ya meli, linalomwagwa bandarini wala si ziwani, lingepunguza mzigo wa Ruzizi.

Mtu akianza kuhara safarini

Kolera inaanza saa chache ao hadi siku tano baada ya kuingia mwilini. Choo kinakuwa maji matupu, kama maji ya kuoshea mchele, na mgonjwa anakauka haraka. Bila kutibiwa, anaweza kufa katika saa chache. Akitibiwa mapema, kati ya wagonjwa 100 hafi hata mmoja.

Asingojee kufika bandarini. Apewe mara moja maji yenye chumvi na sukari: litre moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visijae. Anywe kidogo kidogo bila kuacha, hata akitapika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Nahodha aarifiwe ili kituo cha afya kijulishwe kabla meli haijafunga kamba, na choo alichotumia mgonjwa kioshwe kwa klorini.

Kwa hiyo, msafiri wa leo achague chupa iliyofungwa ao maji aliyoyatayarisha mwenyewe, na bomba la meli alitumie kwa kunawa tu, kwa sabuni, mpaka aonyeshwe kwamba tangi linasafishwa na kutiwa dawa. Ana haki ya kuuliza hilo anapokata tiketi, sawa na anavyouliza jileti ya kuokolea maisha. Wasafiri kumi wakiuliza kabla ya meli kung'oa nanga, mwenye meli atatafuta jibu. Na maafisa wanaopanda kuhesabu abiria na kupima mizigo wangeweza, kwa dakika tano, kufunua pia kifuniko cha tangi.