Usipoziba Ufa

Aliyefika Unguja jioni aijua bustani ya Forodhani, mbele ya bahari. Ilitengenezwa mwaka 1936, kwa jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub. Miaka ikapita, bustani ikachakaa hata ukuta wa bahari. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaitengeneza upya, ikafunguliwa mwaka 2009. Njia, taa na ukuta vilitengenezwa; wauza samaki nao walipewa mahali pao, maana bustani bila watu ni uwanja mtupu.

Basi, sisi wa Kivukoni tujifunze. Kupanda mti wa kivuli ni kazi ya asubuhi moja. Kuutunza ni kazi ya miaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.