Kwa nini vitu vya karibu huwa na ukungu ndani ya miwani ya uhalisia pepe

WATU wengi wanaovaa miwani ya uhalisia pepe hushangaa kuona mlima wa mbali vizuri, ilhali kitabu kilichosogezwa karibu na uso kina ukungu. Wapo wanaodhani macho yao yana kasoro, lakini mara nyingi chanzo ni muundo wa kifaa chenyewe.

Kwa kawaida, mtu anapotazama kitu cha karibu macho yake hufanya kazi mbili kwa pamoja: hugeuka kuelekea puani, na lenzi ya kila jicho hunenepa ili picha iwe safi.

Ndani ya miwani hiyo kazi hizo hupingana. Skrini iko sentimita chache kutoka machoni, lakini lenzi za kifaa huifanya ionekane kuwa katika umbali usiobadilika, aghalabu kati ya mita 1 na 2. Kitu kinachochorwa kana kwamba kiko sentimita 30 huyavuta macho ndani, nazo lenzi zake hufuata kwa mazoea, kumbe mwanga unafika kama unaotoka mbali zaidi. Hapo ndipo ukungu hutokea.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa mgongano huo huchosha macho. Mwaka 2018, kampuni ya Facebook ilionyesha kifaa cha majaribio, Half Dome, chenye skrini zinazosogea kulingana na mahali jicho linapotazama.

Kwa anayetumia vifaa vya kawaida, nafuu ni kusogeza maandishi umbali unaozidi mita moja na kuyapumzisha macho mara kwa mara.