Ukuta wa bwawa Kinkondja: utakula falanga ngapi?



Swali hili linakuja kila kiangazi: "Tuko na shamba, tuko na kijito, tunataka kufunga maji tufuge samaki na kumwagilia mboga. Itatuomba bei gani?" Wengine wanacheka: mtu wa Kinkondja, ziwa Kisale liko mbele ya mlango wake, anachimba bwawa la nini? Ila ziwa ni la watu wote, na samaki wanaotoka ndani yanazidi kuwa wadogo. Bwawa ni la mwenye shamba. Kwa hiyo swali ni la haki, tulijibu kwa hesabu.

Nachukua mfano wa devi moja ambayo kikundi cha vijana waliniletea niisome. Ukuta wa udongo, urefu meta 40, kimo meta 1.5, upana wa juu meta 2. Upande wa maji unateremka 2 kwa 1 (meta 2 za kulala kwa meta 1 ya kusimama), upande wa nyuma 1.5 kwa 1. Fundi aliandika meta kibu 277 za udongo, akazidisha kwa bei, akatia sahihi. Karatasi safi kabisa.

277 ilitoka wapi? Ukikata ukuta kama mkate pale penye kimo cha 1.5, kitako kinakuwa 2 + 3 + 2.25, ni kusema meta 7.25. Jumlisha na upana wa juu, gawa kwa 2, zidisha kwa kimo: meta za mraba 6.94. Zidisha kwa 40, unapata 277. Hesabu ni sawa, lakini bonde si sanduku! Kule pembeni ukuta ni mfupi, unakwenda kuishia kwenye kilima.

Tulirudi shambani na kamba, vijiti na ule mpira mweupe wa maji ambao mafundi wa nyumba wanapimia usawa. Kila meta 10 tulipima kimo: 0, kisha 0.8, 1.5, 0.9, na 0 tena. Kila kimo kina mkato wake: 2 mara kimo, ongeza 1.75 mara kimo mara kimo. Inatoa 0, 2.72, 6.94, 3.22, 0. Chukua wastani wa mikato miwili jirani, zidisha kwa 10, jumlisha vipande vyote vinne. Inatoka meta kibu 129. Hata nusu ya ile ya fundi haifiki.

Sasa msishangilie mbio. Devi ile ilikuwa imesahau mambo ambayo ndiyo yanashika maji. Kwanza, udongo wa juu wenye majani na mizizi lazima uondolewe chini ya ukuta wote. Hapa kitako kinafunika karibu meta za mraba 192; ukitoa sentimeta 20, ni meta kibu 38 za kutoa na za kurudisha kwa udongo mzuri. Pili, mtaro wa katikati, upana 0.6, kina 0.5, urefu wote: meta kibu 12, ujazwe ufinyanzi. Na kama kuna kichuguu kwenye mstari, kichimbwe mpaka vijia vya mchwa viishe, maana maji yatapitia humo humo. Jumla tumefika 179. Udongo wa kushindiliwa kwa mikono utashuka. Mi naongeza asilimia 15. Ni 206.

Kazi je? Mimi nahesabu mtu mmoja kwa siku meta kibu 1.5, akichimba, akibeba karibu na akishindilia tabaka za sentimeta 15 hadi 20. Ya kutoa tu, 2.5. Kwa hiyo 206 inakula siku 137, na zile 50 za kutoa siku 20. Tuseme siku-mtu 160. Kama kibarua kwenu ni falanga 10,000 kwa siku (weka bei yenu, hii ni ya mfano), ni 1,600,000. Watu 10 wanamaliza siku 16, kama hakuna matanga.

Pale kwenye kushindilia ndipo watu wanaiba. Ukuta uliomwagwa tu unafanana na ule ulioshindiliwa, mpaka mvua ya kwanza.

Kitu kingine ambacho devi hazisemi: ukuta huu unashika maji kiasi gani? Acha sentimeta 50 juu ya maji. Kina kinabaki meta 1, upana wa maji kama meta 28, na bonde likiwa na mteremko wa 1 kwa 60 maji yanarudi nyuma meta 60. Zidisha vyote, gawa kwa 6: meta kibu 280. Udongo 206 kwa maji 280, mi naona ni ghali. Mahali penye shingo nyembamba pangetoa zaidi. Ila ukichimba udongo wako ndani ya bwawa lenyewe, meta 5 au zaidi kutoka kitako, shimo hilo nalo linajaa maji, na bei inashuka bila falanga nyingine. Pima kwanza: chimba kishimo, jaza maji asubuhi, jaza tena jioni, funika kwa majani. Kesho maji yakiwa yamebaki mengi, udongo unashika. Ule mweusi wa dambo wenye mizizi usijengee ukuta.

Mfereji wa maji ya ziada ukatwe pembeni, kwenye ardhi ya asili, kamwe si juu ya udongo mliomwaga. Na saruji ya mwani (mlango wa kutolea maji) pamoja na bomba, msiandike bei ya Lubumbashi. Inafika Bukama kwa treni au lori, halafu inashuka Lualaba kwa mtumbwi. Ulizeni bei ya mfuko bandarini Kinkondja, na mulize mapema, maana ukuta wote ufungwe kabla ya mvua za mwezi wa 10.