Askari Kipofu wa Buyangu

Je, wajua kwamba mlinzi mkali kuliko wote katika msitu wa Buyangu hana macho? Si kwamba haoni vizuri. Macho hana kabisa, na urefu wake haufiki sentimita moja na nusu. Hata hivyo panya humkimbia, kuku akimwona hupiga kelele, na mtu mzima mwenye viatu vizito humpisha njia bila kuona aibu.

Huyo ni askari wa siafu.

Buyangu iko upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega. Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Webuye, unakata mkono wa kulia, unapita mashamba ya mahindi na miwa, kisha ghafla miti inafunga anga. Hapo ndipo walipo maaskari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wanaoilinda hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985. Wageni wengi huja kupanda kilima cha Buyangu wauone msitu wote kwa chini, au kuwatafuta kima na mbega kandokando ya mto Isiukhu. Wanatembea wakiwa wameinua shingo. Mimi humshauri kila anayekwenda huko, hasa baada ya mvua, atazame pia anapokanyaga, kwa sababu jambo la ajabu kuliko yote huenda linakatiza njia mbele ya vidole vyake.

Utauona msafara mweusi unaong'aa, upana wake vidole viwili au vitatu, ukitoka vichakani upande huu na kupotelea vichakani upande wa pili. Katikati wanapita wafanyakazi wadogo kwa mbio, wengine wamebeba mizigo: mguu wa panzi, kipande cha nyungunyungu, mabuu meupe. Siafu hakokoti mzigo kwa nyuma. Anaubana kwa mataya na kuupitisha chini ya tumbo, katikati ya miguu, halafu anakimbia nao hivyohivyo. Pembeni mwa msafara, kushoto na kulia, wamesimama wakubwa. Hawa hawaendi popote. Wametanua miguu, wameinua vichwa, mataya yao yamefunguka kuelekea nje. Hao ndio walinzi.

Chuchumaa kwa umbali wa kutosha umtazame mmoja. Kichwa chake ni kikubwa mno kwa mwili wake, kina rangi ya kahawia iliyoiva, na karibu chote kimejaa misuli ya kuyafunga mataya. Mataya yenyewe yamepinda mfano wa mundu, ncha zake ni kali, na kila moja lina jino upande wa ndani. Pale ambapo ungetazamia macho pana gamba laini tu. Vipapasio vyake havitulii hata kidogo, vinapekua hewa huku na huko. Sasa pumua kuelekea kwake. Papo hapo atainuka zaidi, wenzake wa jirani watainuka naye, na wengine wataanza kutoka mstarini kumtafuta aliyepumua. Pumzi yako imempa harufu na joto, na mtikiso wa mguu wako umempa mahali ulipo. Kwake hayo yanatosha.

Akishika, hashiki kwa mchezo. Ukijaribu kumng'oa, mwili utakatika na kichwa kitabaki kimeng'ang'ania ngozi. Hii ndiyo sababu ya habari zinazosimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwamba watu waliwahi kutumia vichwa vya siafu kubania kingo za jeraha. Sokwe nao wanaujua ukali huo. Kule Gombe, kandokando ya Ziwa Tanganyika, wanapenda sana kula siafu, lakini hawaingizi mkono. Sokwe hutafuta fimbo nyembamba yenye urefu unaopita nusu mita, huichomeka ndani ya kiota, husubiri siafu wapande, kisha huwakomba kwa mkono na kuwatia kinywani akitafuna upesi kabla hawajamng'ata ulimi. Mnyama mwenye nguvu kiasi kile kuhitaji fimbo ndefu hivyo ni ushahidi mkubwa wa kazi ya askari hawa.

Na wote ni wa kike. Askari, wabebaji, wachimbaji, wale wadogo wa milimita tatu au nne na hawa wakubwa, ni mabinti wa mama mmoja. Hakuna dume anayesimama lindo. Siafu hawa ni wa jenasi ya Dorylus, na Kakamega ina aina mbili zinazowinda kwa makundi makubwa juu ya ardhi: Dorylus wilverthi na Dorylus molestus. Raignier na van Boven, watafiti waliowachunguza siafu wa Kongo na kuchapisha kazi yao mwaka 1955, walikadiria kwamba kundi moja kubwa la wilverthi laweza kuwa na siafu zaidi ya milioni 10. Malkia mmoja ndiye anayewataga wote. Siafu malkia ni miongoni mwa chungu wakubwa kuliko wote duniani. Tumbo lake likijaa mayai anakaribia urefu wa kidole kidogo cha mtu, na kwa mwezi mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya milioni moja.

Umati huo hauna kamanda. Malkia hatoi amri, kazi yake ni kutaga. Njia yenyewe ndiyo inayoongoza, kwa harufu ambayo kila apitaye anaiacha na kila afuataye anaiongezea. Penye udongo laini wafanyakazi huinua kuta ndogo pande zote mbili za njia. Penye jua kali au ardhi iliyo wazi, miili yenyewe inakuwa ukuta: askari hushikana miguu, hupanda juu ya wenzao, na mara nyingine hukutana juu hadi njia inapata paa. Wadogo wanapita chini yake kivulini. Kwa mdudu ambaye jua la dakika chache linaweza kumkausha, paa hilo ni uhai.

Tena mlinzi huyu anaweza kudanganywa. Kwa kuwa hamtambui mtu kwa sura, yeye huuliza swali moja tu: unanukaje? Mwenye harufu ya nyumbani anapita. Kuna mbawakawa wadogo, wa aina nyingi, walioijua siri hiyo. Wengine wamefanana na siafu hata kwa umbo la mwili, na wanatembea katikati ya msafara, wanahama na kundi linapohama, na wanakula katika mabaki ya mawindo. Askari anawagusa kwa vipapasio na kuwaacha waende zao. Nadhani katika maisha yote ya msitu ule hakuna wageni wenye ujasiri kuliko hao.

Wenyeji wana uhusiano wao na siafu, na si wa chuki tupu. Siafu wakiingia nyumbani usiku, kwanza utasikia mende wakichakarika darini na panya wakitoka mbio. Ukishtuka, toa watoto, toa kuku, mfungue mbuzi kamba, kisha uwaachie nyumba. Baada ya saa kadhaa wanaondoka, na ukirudi hutakuta mende, kunguni wala panya. Asiyetaka wapite kwake humwaga majivu au mafuta ya taa mlangoni. Hatari yao kubwa ni kwa asiyeweza kuondoka: mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani, mnyama aliyefungwa. Mwenye miguu na akili timamu anawapisha tu, kwa kuwa mwendo wao si wa kumshinda mtu.

Dume la siafu lina habari yake. Lina mabawa, macho makubwa na tumbo refu la mviringo, na huja usiku kwenye taa likijigonga ukutani. Wengi wanaoliona hawadhani kabisa kwamba ni siafu. Hata wanasayansi walikosea: mwaka 1764 Carl Linnaeus alilielezea dume la namna hii akaliweka pamoja na nyigu. Ilipita miaka mingi hadi Thomas Savage, tabibu na mmisionari Mmarekani aliyeishi Cape Palmas, Liberia, alipoona katika miaka ya 1840 madume hayo yakitembea ndani ya misafara ya siafu, akaelewa kwamba ni ndugu.

Dume lina mabawa. Malkia hana, na hatayapata maishani. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo linaloamua hatima ya siafu wa Kakamega. Malkia wa chungu wengi huruka, hutua mbali, na huanzisha makao mapya peke yake. Malkia wa siafu hawezi. Kundi likikua mno linagawanyika: sehemu moja inakuwa na mama, nyingine na binti, na safari yote ni kwa miguu, chini ya ulinzi wa askari. Kwa hiyo siafu wa msituni hufika pale tu ambapo miguu yao inaweza kuwafikisha. Shamba lililolimwa, lenye jua na udongo mkavu, kwao ni kizuizi. Barabara ya lami pia.

Na msitu wa Kakamega si mmoja tena. Ulitangazwa msitu unaolindwa mwaka 1933, lakini umekatwakatwa hadi kubaki kipande kikubwa na vingine vidogo pembeni, kama Kisere na Malava. Kisere iko karibu tu na Buyangu, na zote mbili ni hifadhi ya taifa, lakini katikati kuna mashamba. Mwaka 2009, watafiti Peters na Okalo walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya siafu na ndege wa Kakamega. Walikuta kwamba wilverthi, anayehitaji msitu wa kweli, hupungua au hutoweka kwenye vipande vidogo, na molestus, anayevumilia mazingira yaliyoharibiwa, ndiye anayebaki.

Kwa macho ya mpita njia hakuna kilichobadilika, siafu bado wapo. Lakini ndege wanajua. Msituni humo kuna ndege wanaoishi kwa kuwafuata siafu: mkesha mwenye mkia mweupe pembeni, kurumbiza mwenye kifua cha kahawia, na wengine. Hawali siafu. Wanasimama kwenye matawi ya chini, na mapanzi, buibui na jongoo wanaokimbia mataya ya siafu wanaangukia midomo yao. Mara nyingi sauti za ndege hao ndizo zitakazokwambia kuna siafu mbele, kabla hujawaona. Peters na Okalo walikuta kwamba ndege wanaotegemea siafu kwa dhati wamepungua vibaya kwenye vipande vidogo vya msitu, hata pale ambapo siafu wa aina ya pili hawajakosekana. Siafu mmoja hawezi kuziba pengo la mwenzake kwa kila jambo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kulinda msitu ni kuzuia misumeno tu. Kuzuia misumeno ni lazima, na maaskari wa KWS, pamoja na wale wa Shirika la Misitu la Kenya katika sehemu ya msitu iitwayo Isecheno, wanafanya kazi ngumu. Lakini kipande cha msitu kinaweza kulindwa kila mti wake na bado kikapoteza siafu, kisha ndege, kwa sababu tu hakuna njia ya kukifikia kwa miguu. Ukanda wa miti ya kienyeji kati ya Buyangu na Kisere, kivuli kisichokatika ambacho malkia asiye na mabawa anaweza kupita chini yake, ungewafaa siafu kuliko uzio wowote. Mwenye shamba katikati ya misitu hiyo miwili anaweza kuanza kwa kupanda mstari wa miti ya kienyeji mpakani mwa shamba lake.

Nawe mgeni wa Buyangu, ukiukuta msafara njiani, usiukanyage wala usichokoze askari kwa kijiti. Vaa soksi, ingiza ndani yake miguu ya suruali, vuka kwa hatua moja ndefu, na usisimame mpaka uwe umefika mbali nao. Kisha nyamaza uwasikilize ndege.